Kutoka Tanga mpaka Unguja kumsikiliza mpiga kanuni mmoja, mnanishaurije?

Fundi_Barabara9:

Habari zenu jamani, wakubwa shikamooni. Nina jambo langu limekaa kifuani muda mrefu, nimeona nililete hapa kwa watu wa nyumbani Tanga na wengine mnaopenda muziki, maana nikiwaambia wateja wangu wananiuliza kama nimekosa pa kupeleka hela.

Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, nashona magauni na sare za harusi. Dukani muziki hauzimwi, na muziki wenyewe ni taarab asilia, ile ya fidla na udi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Nimeirithi kwa bibi mzaa mama, Mungu amrehemu. Bibi alikuwa na redio ya betri anaishika Unguja usiku, na huku kwetu pwani Unguja ilikuwa inaingia safi kabisa, basi ile kanuni ikianza kupigwa peke yake kabla mwimbaji hajaingia bibi ananyoosha kidole cha shahada juu, hasemi neno, na sote tunanyamaza hata kama sufuria inafurika jikoni. Kidole kikishuka ndo tunaendelea na yetu. Mpaka leo nikisikia kanuni ikianza nasimamisha cherehani, mguu unaacha wenyewe.

Sasa mwanamuziki ninaempenda kuliko wote ni Rajab Suleiman wa Unguja, mpiga kanuni, aliyekuwa na Culture Musical Club alafu akawa na kundi lake la Kithara. Watu ukiwauliza mwanamuziki wao wanakutajia mwimbaji, mi namtaja yule aliyekaa chini hasimami. Nimemsikiliza kwenye simu miaka na miaka ila sijawahi kumuona, na niseme ukweli, kanuni yenyewe sijawahi kuiona kwa macho yangu hata siku moja. Harusi za hapa zote kinanda na spika.

Nimeweka kidogokidogo kwenye kopo tangu mwaka juzi, imefika laki tatu na elfu kumi. Nataka Februari nivuke nikaangalie tamasha la muziki la Sauti za Busara, na kama ratiba ikitoka jina lake likiwemo basi hapo hapo nafunga safari. Vikwazo viwili. Cha kwanza hiyo hela ingetosha kulipia kianzio cha mashine ya ovaloki, ile ya kuzungushia kingo za nguo, na naihitaji kweli, nguo za watu napeleka kuzungushwa kwa jirani. Cha pili mama hataki kusikia habari ya bahari. Ile meli iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba ilikuwa na shoga yake wa Kipemba waliekuwa wakiuza nae soko la Mgandini, hakuonekana tena. Mama tangu hapo hata Raskazoni hakai akiangalia maji.

Naomba mnisaidie njia, pa kulala mwanamke peke yangu, na mnambie kwa moyo mweupe, ni ujinga?

Konda_wa_Kange:

Dada karibu. Mi nimefanya kazi ya ukonda Tanga Dar miaka 11 kwa hiyo njia niachie mimi, hayo mengine watakwambia wenye kuyajua.

Panda basi la kwanza kabisa pale stendi ya Kange, lile la alfajiri, na tiketi ukate jana yake usije ukapewa siti ya nyuma juu ya tairi. Ni kama kilomita 350 mpaka Dar, masaa sita hivi kama hakuna lililotokea barabarani. Unapita Muheza, Segera, Mkata, unavuka Wami kwenye daraja jipya (lile la zamani la gari moja moja wengi tunalikumbuka, tulikuwa tunasubiriana pale kama foleni ya maji), alafu unafika Msata. Hapo Msata sikiliza vizuri. Kuna mabasi yanaendelea Chalinze na Kibaha yanaishia stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kuna yanayokata kushoto kupita Bagamoyo yanatokea Bunju na Tegeta. Uliza kabla hujalipa linapita wapi. Ukipita Bagamoyo unakwepa foleni ya Kibaha, na pale Kiwangwa mananasi yamepangwa barabarani kama matofali, nunua moja umpelekee mwenyeji wako. Ukishukia Mbezi tafuta gari la Kimara upande mwendokasi mpaka Kivukoni, bandari ya boti za Unguja haipo mbali na hapo.

Ila ushauri wangu mkubwa, usijaribu kuunganisha siku moja basi na boti. Nimeona abiria wengi wanalia gerezani pale (namaanisha kituo cha Gerezani, usiogope) boti ya mwisho imeondoka na begi kichwani hawana pa kwenda. Lala Dar kwa ndugu, panda boti ya asubuhi. Na usimfate mtu yoyote anaekuja kukukamata mkono akasema tiketi ziko kwake, ingia ofisini mwenyewe dirishani, onyesha kitambulisho chako cha NIDA, ulipe bei ya Mtanzania.

Kipumbwi_Mvuvi:

Mbona mnampeleka mbali hivo mpaka Dar. Njoo Pangani, toka hapo shuka Kipumbwi, majahazi na mashua za mzigo zinavuka kwenda Unguja karibu kila wiki, unalipa kidogo tu na asubuhi uko Nungwi au Mkokotoni. Bibi zetu wote walivuka hivo.

UmmuSalma_Ngambo:

Kaka yangu wa Kipumbwi nakuheshimu lakini hilo tulifute kabisa. Chombo cha mzigo hakina jaketi la kuokolea, hakina orodha ya abiria, kikipata tatizo usiku hakuna anaejua ulikuwemo. Na huyu binti ana mama anaelala na hofu ya maji tangu 2011. Akisikia mwanae amevuka kwa mashua ya mzigo hata akifika salama mama hatolala tena.

Nitarudi kuandika kwa kirefu nikimaliza kupika.

Kipumbwi_Mvuvi:

Sawa dada, umenena, sikuifikiria habari ya mama. Naondoa.

Mhasibu_Chumbageni:

Bibie mi nasema tofauti na naomba usinune. Ovaloki kwanza. Ukipeleka nguo kuzungushwa kwa jirani kila siku unamlipa yeye, ukijumlisha mwaka mzima hiyo hela unayomlipa inaweza ikawa nauli yenyewe ya Unguja. Nunua mashine, ikulipe, alafu mwaka unaofata unaenda kwa raha bila kuhesabu sarafu. Muziki upo kwenye simu, haukimbii. Tamasha lenyewe lipo tangu 2004, mwaka ujao litakuwepo tena inshallah. Nimefanya biashara ndogo, najua hela ya kopo ikishatoka kurudi ni kazi.

Mzee_wa_Raskazoni:

Mwanangu marahaba. Nimesoma yote mpaka kwa huyu mhasibu na hesabu zake hazina kosa. Lakini nina mimi la kusema na litakuwa refu, mnivumilie.

Kwanza ujue umetoka mji gani. Tanga hii haikuwa ya kinanda na spika. Miaka ya sitini na sabini hapa tulikuwa na Black Star Musical Club na Lucky Star, na Bi Shakila Saidi aliimba nazo zote mbili kabla hajaenda Dar. Taarab ya Tanga ilikuwa ndogo, watu wachache, gitaa na besi na ngoma, ina mwendo wa kuchezeka, sio ule mkusanyiko wa fidla nyingi wa Unguja. Watu wa Mombasa mpaka Burundi huko walikuwa wanaipiga santuri ya Tanga. Sisi vijana tulikuwa hatuna kiingilio, tunasimama nje ya ukumbi upande wa dirisha, na nakwambia kwenye santuri gitaa la besi hulisikii sana, lakini pale dirishani lile besi lilikuwa linatetemesha kioo na mimi mkono wangu uko kwenye kioo. Mpaka leo nikisikia zile nyimbo redioni nasikia kwa kiganja. Bi Shakila ametutoka 2016, kile kioo bado kipo mkononi.

Pili, kuvuka maji kwa ajili ya muziki sio ujinga wala sio jambo geni. Hiyo kanuni unayoipenda imefikaje Unguja? Tunavyohadithiwa Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alimtuma mtu anaitwa Mohamed Ibrahim mpaka Cairo akajifunze muziki, na huyo ndie alierudi na kanuni. Kundi la taarab la Nadi Ikhwan Safaa likaja kuundwa 1905 na lipo mpaka leo. Siti binti Saad nae, mtu wa Fumba, mwanamke wa kijijini, 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Bombay mwanangu, wewe unaulizia Unguja.

Tatu ndo langu mwenyewe. Mimi nilikuwa nampenda Bi Kidude. Sio kupenda kwa kawaida, nilikuwa nikisikia ile sauti nzito naacha ninachofanya kama wewe na kanuni yako. Kila Februari nasikia yupo Ngome Kongwe kwenye hilo tamasha anaimba, mzee yule na umri wote ule, na kila Februari mimi nasema mwaka ujao. Mwaka mmoja nilikuwa na hela kamili mfukoni, mke wangu ameshanifungia begi, nikapita dukani nikaona mabati yameshuka bei, nikanunua mabati. Nikasema nyumba kwanza, Bi Kidude yupo. Aprili 2013 niko nimekaa chini ya hayo hayo mabati nikasikia redioni amefariki.

Mabati yenyewe yaliliwa na chumvi ya bahari nikayabadilisha miaka michache baadae. Simlaumu mtu, nyumba ilihitaji paa kweli. Lakini huyu mhasibu akisema mwaka ujao mi mwili unanisisimka. Tamasha litakuwepo ndio, nakubali, tamasha sio mtu.

Mhasibu_Chumbageni:

Mzee wangu shikamoo. Nimekaa kimya dakika nzima hapa. Sina la kujibu.

UmmuSalma_Ngambo:

Haya nimerudi. Mdogo wangu mimi ni wa Makorora nimeolewa Unguja mwaka wa 14 huu, kwa hiyo nakuelewa huko na huku.

Kuhusu Februari. Busara ni nzuri, wanamuziki wanatoka Afrika nzima, na Mtanzania analipa kiingilio tofauti na mgeni wa nje, sio bei moja. Lakini ujue siku hizo Mji Mkongwe unajaa mpaka pomoni na gesti zote zinapanda bei. Usitafute chumba ndani ya mji. Njoo huku Ng'ambo, Kikwajuni au Michenzani, unatembea kwa miguu mpaka Darajani robo saa, au ukae mbali zaidi Amani, Magomeni, daladala zipo mpaka usiku wa kiasi. Usiku ukichelewa usitembee vichochoroni peke yako, sio kwa sababu mji ni mbaya, ni kwa sababu vichochoro vinafanana na mgeni anapotea hata mchana. Ukikosa kabisa pa kulala niandikie faragha, nina chumba cha watoto, watalala na mimi. Nimesema kweli sio kwa adabu tu.

Sasa nikwambie ambalo wengi hawalijui. Kama shida yako ni tamasha, njoo Februari. Kama shida yako ni kanuni, hata siku ya kawaida isiyo na tamasha unaweza kuisikia. Culture Musical Club wana klabu yao pale Vuga, jioni wanafanya mazoezi, na mtu akija kwa heshima akasalimia akakaa pembeni hawamfukuzi. Mi nimekaa pale na mwanangu mgongoni. Hakuna jukwaa, hakuna taa, watu wako na kanzu zao na wengine na nguo za kazini, fidla zinalinganishwa sauti, mmoja anasema tena kutoka mwanzo, wanarudia kipande kimoja mara tano. Ukimuuliza mtu wa kule kuhusu Rajab Suleiman wanajua yuko wapi na anapiga lini, huo ni mji mdogo. Fanya hivi, ratiba ya Busara ikitoka jina lake likiwemo njoo Februari, lisipokuwemo usije siku hizo za bei, njoo mwezi mwingine wowote uulizie kwanza kwa simu.

Kuhusu mama. Usibishane nae na usimwambie ajali zinatokea hata barabarani, wote tunasemaga hivo na haisaidii, maana yeye haogopi takwimu, yeye anamkumbuka mtu. Muulize kuhusu huyo shoga yake. Mwache akusimulie mpaka amalize. Alafu mwambie boti za Dar Unguja ni za mchana, masaa mawili hivi, unaingia kwa jina lako na kitambulisho, na unampigia ukipanda na ukishuka. Ile ya usiku kupita mkondo wa Nungwi kwenda Pemba ni safari nyingine kabisa. Tena kuna meli kubwa huwa inakuja mpaka Tanga kwa njia ya Pemba lakini siku zake sio kila siku na masaa ni mengi, kwa mama mwenye hofu usiitaje.

Mwanafunzi_Bagamoyo:

Dada fundi mambo, mi niko Bagamoyo, nimesoma muziki hapa chuo cha sanaa TaSUBa, na kanuni nimeishika kwa miezi kadhaa nilipoenda Unguja kwenye chuo cha DCMA, kile kilichoanzishwa 2002 kinachofundisha taarab. Sikuwa mzuri lakini nimekaa nayo mapajani kwa hiyo naweza kukwambia utakachokiona, na mi nahisi hicho ndo kitakusaidia kuamua.

Ni kama meza ndogo nyembamba, upande mmoja umekatwa mshazari. Nyuzi ni zaidi ya 70, na kila sauti moja ina nyuzi tatu zinazopigwa pamoja, kwa hiyo ile hali ya kumetameta unayoisikia kwenye simu ni nyuzi tatu zinazokaribia sana kufanana na hazifanani kabisa. Upande wa kulia nyuzi zimekalia daraja la mbao na chini ya daraja kuna ngozi imewambwa, kwa hiyo ndani yake kuna ngoma ndogo. Upande wa kushoto kuna vichuma vidogo vidogo vingi vimelala chini ya nyuzi, mpigaji akitaka kupandisha au kushusha sauti kidogo anakiinua kimoja kwa mkono wa kushoto katikati ya wimbo na kurudi kabla hujajua. Kwenye simu unasikia sauti imepinda tu, hujui kuna mkono umekimbia. Mi kujifunza huko kukimbia ndo kulikonishinda. Na hewa yetu ya pwani yenye unyevu inalegeza nyuzi, wapigaji wanafika mapema kuliko watu wote wanakaa na ufunguo wao kulinganisha nyuzi moja moja. Wewe nae fika mapema. Ile kulinganisha peke yake inatosha kuivukia bahari, mi naisema kwa kumaanisha.

Ukiwa ukumbini usikae chini mbele kabisa ya jukwaa, kanuni imelala kwa hiyo utaiona ubavu tu. Tafuta juu kidogo. Na usichelewe ile bashrafu ya mwanzo isiyo na mwimbaji, watu wengi wanakuwa bado wananunua maji.

Na kitu kimoja. Umesema bibi yako alikuwa ananyoosha kidole cha shahada. Mpiga kanuni anavaa pete mbili, moja kila mkono, na kwenye pete anachomeka kikucha cha kukwaruzia nyuzi. Hizo pete zinavaliwa kidole hicho hicho.

Fundi_Barabara9:

Jamani nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na sare za harusi 22 za kumaliza, ila kila mlichoandika nimekisoma nikiwa na sindano mkononi. Asanteni sana, wakubwa kwa wadogo.

Mzee wa Raskazoni nimeisoma ya mabati mara tatu. Mhasibu wala sijanuna, hesabu yako imenifanya nikae na daftari, na nimeona kweli jirani anapata hela nyingi kwangu, kwa hiyo nimeenda kuongea nae tumekubaliana nimzungushie vifungo na matundu yake yeye anizungushie nguo zangu, hatulipani. Hilo nimelipata kwako.

Mwanafunzi wa Bagamoyo, ile ya kidole nilipoisoma niliacha kazi nikatoka nje. Miaka yote najua ile sauti nilikuwa sijui inatoka kwenye kidole gani.

Basi nikafanya alivyosema Ummu. Jana usiku nilimuuliza mama kuhusu shoga yake. Alisimulia mpaka adhana ya alfajiri inakaribia, mambo ambayo sijawahi kuyasikia, jinsi walivyokuwa wanagawana meza moja pale Mgandini, upande wa mama vitenge upande wa yule karafuu na mikungu ya halua, na kwamba siku anaondoka alimwachia mama kanga iliyokuwa bado haijakatwa, doti nzima, akasema nikirudi tutaigawana. Mama hajaikata mpaka leo. Aliitoa kabatini akaniwekea mapajani. Mi nikamwambia habari ya kidole cha bibi na pete za kanuni. Akanyamaza, akaunyoosha mkono wake akaangalia kidole chake mwenyewe. Alafu akasema, utapita Dar, utapanda ya asubuhi, na utakaa karibu na mlango. Nikasema ndio mama. Akasema na hiyo kanga uikate, uipindie, kipande kimoja uende nacho ukajifunge ukiwa ndani ya boti.

Nimeikata leo asubuhi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na mi nakata vitambaa vya watu kila siku. Nimepindia kwa cherehani ya mkono sio ya umeme, nikaona hiyo isikimbizwe.

Kwa hiyo naenda. Jina likiwemo kwenye ratiba naenda Februari, lisipokuwemo naenda Vuga mwezi wowote nitakaoupata nafasi. Ummu, ile ya chumba cha watoto kama haikuwa adabu tu basi naikubali, nanasi la Kiwangwa lako. Swali langu la mwisho kwa wanaojua, kwenye boti nikae upande gani? Mama amesema karibu na mlango ila nataka na mi nione.

UmmuSalma_Ngambo:

Haikuwa adabu, njoo. Kaa upande wa kulia. Mkikaribia mji wote unapita mbele yako kabla hamjazunguka kuingia bandari ya Malindi, utaiona Forodhani na nyuma yake kuta za Ngome Kongwe. Mpigie mama hapo hapo, mtandao unashika.